Mkaapweke Rasmi wa Mnara wa Ottermere

Idara ya Majumba ya Kale na Vilima ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba baada ya miaka zaidi ya mia mbili ya uzembe wa kihistoria, Mnara wa Ottermere umempata mkaapweke. Tangazo lilibandikwa Septemba 2014 kwenye vituo vya basi, kutoka Minneapolis hadi Brooklyn Park. Mkaapweke mwenyewe, Papa Sosthène Mugisho, alilisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, kisha akavua kofia akamshukuru Mungu.

Alikuwa na sababu. Kwa miaka mitatu alikuwa akikata mapaja ya kuku kiwandani, zamu ya kuanza saa tisa alasiri, na zamu hiyo ilimmeza yeye pamoja na darasa la jioni. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne. Mtihani wa hesabu ulimngoja Februari. Akiupita, angepata cheti cha sekondari ambacho vita vya Kivu vilimnyang'anya akiwa kijana. Kazi ya mkaapweke iliisha saa kumi jioni. Darasa lilianza saa kumi na mbili. Katikati palikuwa na basi moja, na basi hilo lilikuja.

Historia ya mahali penyewe ni ya heshima. Nyumba ya Ottermere ilijengwa Uingereza na Sir Godfrey Pell, tajiri wa kondoo, vyumba arobaini na choo kimoja. Siku moja mkewe alitazama dirishani akasema kile kilima kinaonekana kitupu. Sir Godfrey akajenga mnara juu yake. Haukuwa na kengele, wala mlinzi, wala nafaka. Watu walipouliza ni wa kazi gani, alijibu, "Wa kutazamwa." Kisha akaona mnara peke yake umepooza, akamwajiri mzee mwenye ndevu akae chini yake akitafakari, ili wageni wakishiba wapande kumtazama. Mzee alitoroka na mpishi wiki ya pili.

Mwaka 1927 tajiri mmoja wa unga wa ngano aliinunua nyumba pamoja na mnara, akavileta Minnesota jiwe kwa jiwe. Nusu ya juu ya ngazi ilisahaulika bandarini. Mpaka leo ukipanda mnara unafika katikati, unakutana na ukuta, unashuka. Idara huita jambo hilo "ziara kamili".

"Kazi yako ni kutofaa," Mkurugenzi, Bwana Tollefson, alimweleza siku ya kwanza. "Kutofaa kwa kiwango cha kihistoria. Utavaa gunia, utakaa kwenye jiwe, hutasema na wageni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana. Nitajitahidi."

"Usijitahidi sana."

Alipewa gunia la saizi kubwa, ruhusa ya kuvaa sweta mbili chini yake, na fuvu la plastiki la kumsaidia kuwaza kifo. Fuvu alilifunika kwa kitambaa cha mkewe. Générose alikuwa amesema wazi, "Kichwa cha mtu? Kibaki hukohuko mlimani, Papa. Hapa nyumbani kichwa ni mimi."

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Wageni, kama kumi na mmoja kwa mwezi, walipanda, wakamwona mzee amekunja uso juu ya kitabu, wakashuka wakinong'ona kwamba hawajawahi kuona mtu anayewaza kwa kina namna ile. Hata Wanjohi, Mkenya wa ulinzi aliyezunguka kiwanja kwa kigari cha umeme, alishindwa kujizuia.

"Mzee, ati unalipwa kukaa? Hiyo si kazi, hiyo ni ndoto yangu."

"Silipwi kukaa, ndugu. Ninalipwa kutafakari."

"Na unatafakari nini hivyo, mpaka mishipa inasimama?"

"Theluthi moja jumlisha subui mbili."

Wanjohi alivua kofia. "Pole sana," akasema, akawasha kigari.

Matatizo yalianza na Mama Bernardine, kiongozi wa akina mama wa maombi katika kanisa lao mjini Crystal. Watu wa Kivu wana desturi: jambo likiwa zito, unapanda mlima, unafunga, unaomba mpaka kieleweke. Sasa Mungu, kwa hekima yake, aliwapeleka Minnesota, nchi tambarare kama meza. Miaka mitano akina mama walikuwa wakiombea katika maegesho ya magari.

"Mama Générose!" Bernardine alipiga kelele baada ya ibada. "Mlima upo, na bwanako anaukalia peke yake?"

"Ni kilima tu, Mama."

"Musa naye aliambiwa nini? Apime kimo kwanza?"

Jumamosi wakapanda ishirini na watatu, vitenge juu ya makoti, chupa za chai mkononi. Sosthène alifikiria mkataba wake. Ulimkataza kusema na wageni. Haukutaja Mungu. Akainua mikono, akaomba, wao wakaitikia, na kilima kikatikisika mpaka bata wa bwawani wakahamia kaunti ya jirani. Wiki iliyofuata yalikuja makanisa matatu. Mwanamke mmoja alipata kazi hospitalini Jumatatu, na Jumamosi yakaja makanisa tisa. Novemba wageni walifika mia saba.

Ofisi ilipatwa na mshtuko. Bwana Tollefson alipanda mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akiwa na bahasha.

"Bwana Mugisho, umeleta manufaa."

"Nisamehe, bwana. Sikukusudia."

"Mnara huu unalindwa na sheria kwa sababu hauna kazi. Ukianza kuwa na kazi, ni jengo la kawaida. Utadaiwa choo, njia ya dharura na ngazi inayofika juu. Alhamisi utasimama mbele ya Kamati ya Kuthibitisha Kutofaa. Ukishindwa, mkataba umekwisha."

Sosthène alirudi nyumbani, hakula. Générose alimwekea ugali, akauondoa.

"Kiwandani kwenyewe bado wanatafuta watu," alisema mume.

"Zamu gani?"

"Ileile."

"Basi umefunga leo," alisema mke. "Tufunge wote."

Alhamisi Kamati ilikaa katika ukumbi wa Ottermere. Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja mstaafu wa mahakama ya trafiki, aliyeamini kanuni kama Sosthène alivyoamini Zaburi. Alisoma maswali kumi, polepole. Je, katika siku tisini umemsaidia mtu yeyote? Umezalisha kitu? Usipofika kazini, kuna atakayegundua? Sosthène hakujua kusema uongo. Alipata alama mbili kati ya kumi.

"Alama za chini mno," alisema Tollefson kwa huzuni ya kiofisi.

Sosthène akainua mkono, kama darasani. "Bibi Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mwalimu wetu anasema namba moja peke yake haisemi kitu. Mbili ni chini kuliko za nani?"

Mwenyekiti alivua miwani. Aliiangalia kanuni, mbele na nyuma. "Swali halali," akasema. "Wafanyakazi wote wa kiwanja wapimwe."

Mtunza bustani alipata sifuri, akaomba radhi. Wanjohi alipata moja. Ikafika zamu ya Mkurugenzi, na Wanjohi akaitwa kuwa shahidi.

"Bwana Tollefson alipokwenda mkutano Uingereza wiki tano," aliuliza Mwenyekiti, "nani aligundua?"

Wanjohi alimgeukia Mkurugenzi, macho yamemtoka. "Kumbe ulikuwa umesafiri, boss?"

Kumi kati ya kumi. Bwana Tollefson, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa wa pili katika jambo lolote, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaishukuru Kamati kwa kuona juhudi zake. Aliweka saini mahali alipoonyeshwa, kwa mbwembwe. Ndipo Mwenyekiti akafungua ukurasa wa pili na kusoma kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha nne, nafasi ya mkaapweke hupewa mwenye alama za juu kabisa. Na kwamba ofisi ya Mkurugenzi iliyobaki wazi, inayofungwa saa kumi jioni, apewe yule ambaye wageni humfuata.

"Gunia ni saizi kubwa," Wanjohi alinong'ona. "Litakutosha, boss."

Jumamosi theluji ilianguka. Akina mama walipanda kama kawaida, na kwenye jiwe wakamkuta mzungu mrefu, amevaa gunia, anatetemeka, machozi yamegandia kwenye ndevu changa. Huruma ikawashika. Mama Bernardine aliweka chupa ya chai chini, akamwekea mkono kichwani.

"Bibi, tafadhali," alisema mtu yule. "Mimi ndiye Mkurugenzi wa mahali hapa."

Bernardine aliwageukia wenzake. "Mnamsikia? Anajiona mkurugenzi."

"Yesu!" wakaitikia.

"Pepo hili halitoki kwa siku moja," alisema Mama Bernardine, akikunja mikono ya koti. "Tuanze na siku ishirini na moja."