Doa Jeupe la Daktari wa Wadudu

Sogeeni, enyi mpendao habari za vita, na wenye moyo mwepesi wakae karibu na mlango, kwani leo unasimuliwa ushindi wa Daktari wa Wadudu, Mwenye Lenzi Mbili, Simba wa Chumba Namba Sita, ambaye kwa miaka ishirini na tisa aliwinda viumbe wasio na meno, na asipate hata mmoja wa kuitwa kwa jina lake.

Jambo hilo lilimkereketa. Droo za makumbusho zilijaa majina ya wenzake. Hata mtaalamu wa konokono, aliyekuwa akikoroma kazini mchana kweupe, alikuwa na konokono wake. Na Ijumaa Daktari anastaafu.

Jumatano, saa nne asubuhi, adui akatokea: nondo mmoja, saizi ya punje ya mchele, ametua kwenye sweta ya shujaa. Shujaa hakutetemeka. Akamkaba kwa vidole viwili, akamchoma pini, akamtia chini ya lenzi. Mbawa zilikuwa za dhahabu, na kwenye bawa la kushoto palikuwa na doa jeupe ambalo hakuna kitabu kilichowahi kulitaja.

Akapanda juu ya stuli, akayahutubia makabati. "Enyi mende mliokauka, shuhudieni. Doa hili litabeba jina langu, na vitukuu wa maadui zangu watalisoma wakiwa wameinamisha vichwa."

Mama mtunza droo akaingia na daftari lake, akachungulia kwenye lenzi.

"Daktari, hebu nione kidole gumba."

"Historia inabisha hodi, mama, nawe waulizia vidole?"

"Nionyeshe tu, baba."

Akakinyoosha. Kilikuwa kimejaa vumbi la dhahabu, lile linalofunika mbawa za nondo, ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huonywa asiliguse. Kibano cha kushikia wadudu kilikuwa pale pale mezani.

"Huyu ni nondo wa nguo," mama akasema. "Ukoo wake unakula hiyo sweta yako tangu mwaka jana. Doa umelitia mwenyewe."

Shujaa akashuka kwenye stuli, na aibu ikamjaa mpaka masikioni, kama ilivyostahili.

Lakini sheria ya droo haina upendeleo: mdudu akiharibika, huandikwa aliyemharibu. Mama akachukua kikaratasi, akaandika kwa wino usiofutika: *Nondo wa nguo, wa kawaida. Bawa limefutwa na*, kisha jina la Daktari, lote, hadi la babu yake.

Daktari akakisoma mara tatu.

"Ongeza na cheo," akasema.

Cheo kikaongezwa, droo ikafungwa. Hivyo ndivyo Simba wa Chumba Namba Sita alivyoingia katika historia, siku mbili kabla ya kustaafu, kwa kidole gumba chake mwenyewe.