Bakshishi ya Geti la Kijani

Jumatatu, 6 Mei

Nimeibiwa mchana kweupe! Nusu kuku na wali, bei ya kawaida. Kisha ikaja ada ya huduma. Ada ya mfuko. Ada ya oda ndogo. Ada ya mvua, na nje jua linawaka hadi lami inanata. Chini kabisa, programu ya kuagizia chakula inaniuliza kwa upole kama ningependa kumpa mwendesha pikipiki bakshishi. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Lakini mimi si wa kuchezewa. Nimesoma masharti yote, hata yale ya maandishi ya sisimizi. Kumbe unaahidi bakshishi mapema, na unaruhusiwa kuibadilisha ndani ya saa moja baada ya chakula kufika. Hata kuwa sifuri!

Jumanne, 7 Mei

Nimeahidi bakshishi nono. Chakula kimefika kwa dakika tisa, cha moto. Mwendesha pikipiki, jamaa mwenye koti jekundu, ameniita bosi mara tatu. Nimempungia mkono kwenye geti langu la kijani, na kabla hajakata kona nimeifuta bakshishi. Ada yangu ya mvua imerudi! Nimecheza kidogo jikoni.

Jumatano, 8 Mei

Mchumba amepiga simu. Shangazi aliyemlea anakuja Jumamosi kunitazama. Akinikataa, hakuna harusi. Amesema hivyo kwa sauti tulivu kabisa, na sauti hiyo naiogopa. Nampenda huyu dada hadi najichoma sindano kazini, nami ni fundi mapazia wa miaka kumi.

Tatizo dogo: nilishawaambia kwamba napika mwenyewe. Nina sufuria moja, natunzia betri. Hakuna neno. Nitaagiza, nitahamishia sufuriani, nitavaa aproni. Leo nimefanya mazoezi: oda mbili, bakshishi mbili, zote nimefuta. Ya pili kaleta Koti Jekundu. Safari hii bosi mara moja tu.

Ijumaa, 10 Mei

Ajabu! Nimeagiza chakula cha mchana kifike nyumbani, hatua chache kutoka duka la mapazia ninakoshona, hakuna aliyepokea oda. Nimeongeza bakshishi. Kimya. Nilivyokuwa nimeganda kwenye simu, nimeshona pazia la sebule likatoka fupi kama kaptura. Mwenye duka ameuliza nini hiki. Nimemwambia ndiyo mtindo mpya.

Jumamosi, 11 Mei

Saa nne nimeagiza kuku mzima. Hakuna mtu. Nimepandisha bakshishi mara mbili, mara tatu, jasho linanitoka. Saa sita kasoro, imepokelewa! Koti Jekundu! Nimevaa aproni, nimejipaka unga shavuni. Honi. Nimefungua geti.

Nyuma ya Koti Jekundu ameketi mama mmoja, kapakata mfuko wa kuku wangu. Shangazi!

Koti Jekundu amempakia stendi, na kwa kuwa abiria alitaja mtaa huu huu, akaona apitishe na oda yangu. Njiani akamsimulia kisa. Waendesha pikipiki wote wana kundi lao la simu, wameonyana kuhusu geti la kijani, kwa mtu anayeahidi na kufuta. Shangazi amecheka njia nzima, mpaka pikipiki iliposimama kwangu.

Nimemwamkia shikamoo. Ameutazama unga shavuni.

“Marahaba, baba. Lete simu yako hapa mezani. Hiyo saa moja tutaimaliza pamoja.”

Koti Jekundu naye kakaribishwa, na Shangazi, siyo mimi. Tumekula watu watatu, simu katikati kama mgeni wa nne. Saa imekwisha. Bakshishi imekwenda, mara tatu yake! Nilitamani kulia. Akiondoka, Shangazi amesema hajanikataa wala hajanikubali.

“Nitarudi baada ya mwezi. Majirani sitawauliza kitu. Nitawauliza hawa wa pikipiki.”

Jumapili, 12 Mei

Sikulala kwa furaha! Mwezi mzima! Na nimewaza: waendesha pikipiki hawajui jina langu. Wanachojua ni geti la kijani. Likiwa la bluu, mimi ni mkazi mpya, mtu safi kabisa, na harusi ipo.

Duka la rangi lina programu yake ya kuletea watu mizigo, na masharti ya bakshishi ni yale yale, saa moja. Nimeagiza makopo mawili ya bluu. Kuna ada ya uzito, ada ya kopo, na ada ya mvua. Oda imepokelewa papo hapo, kwa sababu bakshishi niliyoahidi ni ya kufa mtu.

Nasikia honi. Nimeshatega saa.