Mama wa Mwamanyili na Mjumbe wa Mapokezi

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa nimevaa fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni NIULIZE MIMI, kwa hiyo hata pa kujificha sikuwa napo.

Nianze mwanzo. Mimi ni mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha afya hapa Bariadi, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili mwaka wa kwanza. Dirisha linafungwa saa kumi jioni. Usipofika, nafasi yako anapewa mwingine anayesubiri, na hapo hakuna cha kusema gari liliharibika. Sisi wa kamati ya mapokezi kazi yetu ni kubeba masanduku, kuonyesha hosteli na kuwatuliza wanaolia. (Wanalia. Mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza nililia chooni, ila hiyo tuiache.)

Saa nane na nusu wakaingia getini mama mmoja na binti. Mama ana miaka hamsini hivi, kafunga kitenge, bahasha ya kaki kaishika kwa mikono miwili. Binti mrefu, mwembamba, sanduku la bati kichwani, anaangalia chini. Nikajua hapohapo. Mzazi na mwanafunzi. Ningekosea vipi? Nimepokea wageni tangu Jumatatu.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia huku nimeinama.

Akafurahi kusalimiwa na kuitwa mama kwa Kisukuma. Akaniambia wametoka Mwamanyili alfajiri na wamechelewa njiani.

Sasa, mimi nimelelewa kwetu Mkula. Mtu mzima aliyetoka safari humuulizi maswali kasimama juani. Humwambii "wewe nani, umefuata nini." Unampa kiti kwanza, unampa cha kunywa, habari zitakuja zenyewe. Nikampokea bahasha yake, nikampeleka kantini, nikamwagizia soda baridi.

"Mwanangu, subiri kwanza," akasema. "Hiyo bahasha..."

"Pumzika, mayu. Foleni tuachie sisi vijana."

"Lakini mimi nili..."

"Hakuna cha lakini. Wewe kulea umeshalea, sehemu yako umemaliza."

(Hiyo niliisema kwa hisia kabisa. Machozi yalinilengalenga.)

Nikamgeukia mwenye kantini, dada mmoja aliyetoka Binza, asiyetaka mchezo, nikamwambia huyu mama asinyanyuke mpaka nirudi. Akatikisa kichwa kukubali. Huyo dada ukimwagiza jambo, umeliagiza.

Mimi na binti tukapanga foleni. Anaitwa Neema. Ana sauti ndogo, na mwenzake akianza kuongea yeye huacha. Mimi huwa naongea sana.

"Kaka," akasema, "mimi sitasoma hapa."

Nikacheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyeyaona mengi. "Utasoma. Siku ya kwanza kila mtu anataka kurudi nyumbani."

"Hapana, kaka, ni mama ndiye..."

"Ndiye aliyekuchagulia kozi? Najua. Wazazi wengi wako hivyo. Utakuja kumshukuru."

Akashusha sanduku chini. Nikaona ushauri umeingia. Kwa saa nzima nikampa mengine: jinsi ya kuishi na mwenzako chumbani, kwa nini ndoo haiachwi nje, mwalimu gani usikae mbele yake ukiwa na usingizi. Mtoto wa watu anaitikia tu, "Ndiyo, kaka."

Tukafika dirishani saa kumi kasoro robo. Dada wa usajili akafungua bahasha. Akaangalia picha kwenye fomu. Akamwangalia Neema. Akairudia picha.

"Huyu ndiye Kabula?"

Nikachungulia. Pichani alikuwa yule mama niliyemwacha kantini. Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikasema, "Hawa wageni wanachanganya mambo, dada. Kabandika picha ya mama yake. Tumsaidie tu."

"Na hii barua ya zahanati, kwamba amekuwa mhudumu miaka kumi na tisa? Alianza kazi akiwa hajazaliwa?"

Foleni nzima ikatugeukia. Ndipo Neema alipofanikiwa kumaliza sentensi kwa mara ya kwanza tangu tuonane.

"Mwanafunzi ni mama. Mimi niko kidato cha pili, nimembebea sanduku. Nilikuwa nakuambia."

Jamani. Walicheka mpaka walioko hosteli wakatoka kuangalia. Mmoja nyuma yangu akaisoma fulana kwa sauti, kisha akauliza kwa adabu kama bado napokea maswali.

Dada wa usajili hakucheka. Akaangalia saa ya ukutani. "Zimebaki dakika kumi na mbili. Aje mwenyewe, asaini mwenyewe."

Nikakimbia. Kantini nikamkuta mama kasimama, na mwenye kantini kajaza mlango, sinia mkononi.

"Amejaribu kutoka mara tatu," akaniripoti kwa fahari. "Nimemrudisha."

Mama Kabula hakunigombeza. Bora angenigombeza. "Mtihani wa kidato cha nne nimeurudia nikiwa na wajukuu," akasema polepole. "Miaka yote hiyo nimefagia zahanati, nimeshika taa wenzangu wakizalisha. Leo nimefika mpaka getini, halafu nakalishwa na soda."

Roho iliniuma. Yule mama nilimheshimu kwa kila kitu isipokuwa kumsikiliza.

"Nisamehe, mayu. Tukimbie."

Akakaza kitenge, akavua viatu, akatoka mbio. Hakunisubiri. Nikawa namfuata nyuma na viatu vyake mkononi, nahema. Walewale waliokuwa wananicheka wakampisha mmoja mmoja mpaka dirishani. Akasaini zikiwa zimebaki dakika mbili, kisha akalia. Neema akamshika bega. Dada wa usajili akawa anatafuta kalamu iliyokuwa mbele yake. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, mkitaka kujua.

Likabaki jambo moja. Kila mwaka wa kwanza anaandikiwa mwanafunzi wa juu wa kumwongoza muhula mzima. Dada akamwambia achague. Tulikuwa sita pale tuliovaa kijani. Nikajificha nyuma ya mwenzangu mnene.

Mama Kabula akatupitia wote kwa macho. "Huyo mwenye viatu vyangu," akasema.

"Mama, una uhakika?" dada wa usajili akamuuliza.

"Ndiyo. Moyo wa kazi anao. Kusikiliza ndiko hajui, na huko nitamfundisha mimi."

Tunaanza kesho saa mbili asubuhi. Mnaotaka kunicheka nichekeni leo, maana kesho nina darasa.