Maksai kwa Mwamba wa Zambarau

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Utajiri nimeuona! Uko kwa jirani, kama kawaida. Mbuzi wangu alitorokea mteremko wa mzee Hhando, nikamfuata, nikakuta mwamba wa ulanga, yale madini ya kung'aa. Unabanduka kurasa kurasa kama daftari lililoloa. Ulanga wa kila siku ni mweupe au mweusi. Huu ni wa zambarau! Redio ilishasema: ulanga wa zambarau ni adimu, ndani yake mna lithiamu, ile ya betri za simu na magari ya umeme. Na mzee anafungia hapo ng'ombe wagonjwa. Watu wengine hawastahili mali.

Jumanne, 11 Novemba
Nimempa mzee shikamoo mbili. Nikamwambia nataka kile kipande cha mawe nifuge nyuki. Akaniangalia sana. Akasema anataka maksai. Ninao wawili tu, Meja na Koplo, na mvua ziko mlangoni. Lakini tajiri halimi! Nikamtoa Koplo. Mzee akaomba na nyongeza: lile jiwe la kijivu linalozuia mlango wa zizi langu. Marehemu baba aliliokota, hakusema wapi. Linaacha unga wa kumetameta mikononi, linaudhi. Nikampa, nikacheka njia nzima.

Jumatano, 12 Novemba
Paskalina amehesabu maksai. Haikumchukua muda. Akaniuliza tutalima na nini. Nikamweleza habari za magari ya umeme. Akauliza kama yanalima. Mke wangu hana upeo. Nimekula kiporo.

Alhamisi, 13 Novemba
Aibu! Nimempelekea kipande cha ule mwamba Judica, binti wa kaka yangu, mwalimu wa sayansi sekondari. Akabandua ukurasa, akasema ni ulanga kweli. Moyo ukaruka. Kisha akalowesha kidole, akafuta. Kidole kikawa cha zambarau, jiwe likawa jeupe.

“Baba mdogo, hii ni dawa ya vidonda.”

Hhando hutibia kwato za ng'ombe pale! Judica akasaga unga, akauweka kwenye moto wa gesi. Ulanga wenye lithiamu huyeyuka upesi na moto huwa mwekundu. Wangu haukuyeyuka, na moto ukabaki wa bluu. Akaongeza kuwa rangi ya jiwe si ushahidi hata kidogo, kwamba hata la kijivu laweza kuwa lenyewe. Sikumsikiliza. Nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimekwenda na Judica kumwomba mzee anirudishie Koplo. Amekataa kwa upole, na upole wake ndio unaouma. Wakati nabembeleza, Judica alikuwa ameinama mlangoni pa zizi. Akakwangua lile jiwe la kijivu kwa kucha, akaomba jiko la gesi la mzee. Moto mwekundu! Mwekundu kama pilipili! Jiwe langu! La baba yangu!

Judica akasema jiwe moja si mgodi. Madini haya hukaa kwenye miamba ya chembe kubwa kubwa, na aliyejua mwamba wenyewe ulipo ameshazikwa. Mzee akasema basi abaki nalo, linazuia mlango vizuri, maana sasa ana maksai wa kuzuia.

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua imenyesha usiku kucha. Majirani wote wako shambani. Paskalina amesimama uani na nira begani.

“Baba Irene, nira ina nafasi mbili. Meja yuko kulia.”

Nimelima. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, shingo inauma. Tusipomaliza kipande hiki hatuna mahindi mwakani, amesema hivyo mara nyingi, akiwa nyuma yangu na fimbo.

Lakini mchana, karibu na mpaka wa Hhando, jembe likafukua jiwe la kijani. Kijani kabisa! Linapitisha mwanga, lina upinde kidogo kama kitako cha chupa. Safari hii sikukurupuka. Nimelilamba, nimelisugua: rangi haitoki. Bila shaka limeteremka kutoka kwa mzee.

Nimemtazama Meja jioni. Tangu mwenzake aondoke hali majani vizuri. Kuwatenganisha hawa wawili ni dhambi. Kesho baada ya misa nitampelekea mzee Hhando shikamoo tatu.