Simba Mpole Ajiunga na Jukwaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepandishwa cheo! Kazi ni ile ile, mshahara ule ule, ila jina limerefuka: Afisa Uhamasishaji wa Vijana. Ofisi yetu ina jukwaa la faraja kwenye simu. Kijana mwenye dhiki anaingia kwa jina la bandia, anaandika yanayomsumbua, wenzake wanamtia moyo, na Mshauri wetu anamfuatilia faraghani. Jambo la maana sana. Tatizo dogo tu: hakuna kijana. Hata wa dawa. Mkurugenzi kasema Ijumaa akikuta jukwaa bado kimya, kazi atapewa Bwana Takwimu, jirani yangu wa meza, mwenye kalamu za rangi zote mfukoni. Labda nife.

Nyumbani nako si shwari. Mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka kumi na saba. Tangu rafiki yake wa chanda na pete ahamishwe shule, haongei na mtu. Anajifungia chumbani. Chakula anakidonoa tu. Dada hana raha, na leo amenigeukia mimi: si ndiyo kazi yangu hii, mbona nahamasisha watoto wa watu? Nikamjibu suala linashughulikiwa. Nikagonga mlango wa mpwa, nikamuuliza ana nini. Hana kitu. Nikauliza tena, kwa sauti ya kitaalamu. Hana kitu. Nikapenyeza kipeperushi cha jukwaa chini ya mlango, nikawahi taarifa ya habari.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Vijana hawaendi pasipo na vijana. Lazima mmoja atangulie. Nimejisajili mimi. Jina: Simba Mpole. Umri: kumi na sita. Picha: paka wetu kajikunja kwenye kapu la nguo chafu, maana vijana na paka ni damu damu. Nikaandika kwamba mitihani inaninyima raha, je, kuna mwenzangu?

Kabla ya chakula cha mchana wamejitokeza wawili! Mmoja anajiita Mtoto wa Mjini. Ameandika kwamba, kwa wastani, huzuni yake imepanda ikilinganishwa na mwezi uliopita. Mwingine, Ua la Asubuhi, ametuagiza sote tuwasilishe hisia zetu kabla ya saa kumi, bila visingizio.

Vijana wa siku hizi wana nidhamu, jamani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeibiwa mbinu! Nimechungulia juu ya meza, nani anabonyeza simu huku amevuta mdomo wa majonzi? Bwana Takwimu. Mtoto wa Mjini ndiye yeye, na upara wake! Na Ua la Asubuhi, naapa, ni Mkurugenzi mwenyewe. Sina ubavu wa kumuuliza. Basi jukwaa la vijana lina watu watatu, na wote tuna miwani ya kusomea.

Mchana kaingia wa nne. Jina: Mlango. Hana picha. Kaandika: “Nyumbani wananiuliza nina nini, halafu hawakai kungoja jibu. Kuna mtu hapa anayeweza kukaa?”

Nikacheka peke yangu. Takwimu huyo, kajisajili mara ya pili! Safari hii kajitahidi, anaandika kama binadamu. Lakini mimi si mtoto wa jana. Nikamjibu papo hapo: “Acha maigizo, mzee. Tunakujua.” Mlango akatoka, hakurudi. Nikajinunulia soda ya ushindi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Asubuhi Mshauri ametuita. Ni mama mpole, na upole wake ndio unaotisha. Akasema kijana wa kweli ameingia jana, wa kwanza kabisa, na mtu anayejiita Simba Mpole amemfukuza. Yeye Mshauri amemwandikia kijana huyo faraghani, hajajibiwa. Akauliza ni nani Simba Mpole. Mimi nikatazama dari. Takwimu akatazama dari. Mkurugenzi naye, dari. Dari yetu haijawahi kupendwa namna ile.

Siku nzima najiuliza. Nani huyo mtoto? Yuko wapi saa hizi? Hata Takwimu aliponipa biskuti sikuitamani.

Jioni zamu ya jikoni yangu, dada hajarudi kutoka kazini. Namenya viazi. Mpwa akaja kunywa maji. Akanywa, hakuondoka. Akasema yule paka wa jukwaani amelala kwenye kapu letu. Nikamwambia makapu ya aina hiyo yamejaa tele sokoni. Akaniangalia.

“Nilimjua paka, mjomba. Ndiyo maana niliandika.”

Nikaweka kisu chini. Aibu! Laiti ningeweza kujifunika sufuria. Mimi mwenye maneno mengi nikasema moja tu: samahani. Halafu nikavuta kigoda, nikampa kisu cha pili. Akaketi. Tukamenya, kimya. Sikuuliza kitu kwa woga wa kuharibu tena. Na pale kwenye ukimya akaanza mwenyewe. Mapumziko anakula peke yake. Anaogopa kumpigia rafiki yake asije akakuta amekwisha kusahauliwa. Usingizi hauji. Akalia kidogo, nami nikalia kidogo, tukasingizia vitunguu, na vitunguu hatukuwa navyo. Mwisho akakubali kumjibu Mshauri, mradi Simba Mpole asiwepo.

Dada aliporudi alikuta tumemenya viazi vya kulisha kambi. Akafungua mdomo kufoka, akamwona binti yake anacheka, akaufunga.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Mpwa na Mshauri wamezungumza asubuhi kwa simu, na watazungumza tena. Nimemtangazia Mkurugenzi kwamba kijana wa kwanza nimemrudisha mimi, naye kaniuliza siri. Nimewaza usiku kucha na jibu ninalo. Kilichomfungua mpwa wangu ni kitu gani? Viazi!

Nimewasilisha mpango: Menya Kwanza. Kijana akiingia jukwaani anakuta kiazi. Anakimenya kwa kidole, ganda linaanguka, anapewa kingine. Akimaliza sufuria ndipo kisanduku cha hisia kinafunguka. Mkurugenzi karidhia! Takwimu kaomba apewe idara ya karoti. Nimemwambia nitafikiria.

Sasa jioni niko sebuleni nachora maganda. Mpwa ananiita toka jikoni, niende nikae naye kidogo, ana jambo la kuniambia. Huyu mtoto naye, haoni nina kazi ya vijana hapa? Nimemjibu aliandike jukwaani, Simba Mpole atalisoma akipata nafasi.

Paka ameshuka kwenye kapu, amekwenda jikoni kukaa naye.