Pazia Lililowekwa Kwenye Sifuri

Sogeeni, enyi wapenda habari za mashujaa, wenye viti mketi na wasio navyo mkunje miguu, niwasimulie vita vya chumba cha nyuma, na jinsi Mwalimu Mhimili, mshika chaki asiyetetereka, alivyotundika pazia akashuka akiwa hai.

Shujaa huyu alifundisha jiometri. Jina la Mhimili alipewa na wanafunzi wake, kwa kuwa hakuweza kuchora kitu chochote kabla ya kuchora mihimili ya kukipimia. Nyumbani kwake walitawala malkia wawili wajane katika chumba kimoja: Mama aliyemzaa, na Mama Mkubwa, dada yake Mama. Mmoja alikoroma, mwingine alipenda redio, basi wakapatana pazia lipite katikati. Wakapima. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana Mama alipima kuanzia ukutani kwake, naye Mama Mkubwa akapima kuanzia usoni pa kabati lake, lililoegemea ukuta wa pili.

"Mdogo wangu kajipimia mita mbili," alinguruma Mama Mkubwa, "mimi kaniachia moja na nusu. Leo hii nahamia kwa binti yangu."

Akavuta sanduku uvunguni, akaanza kukunja nguo. Mama alijifanya anatazama nje dirishani, lakini jicho moja lilikuwa kwenye sanduku. Tangu wawazike waume zao hakuwahi kulala mbali na dada yake, na alimpenda kuliko alivyojua kusema.

Mwalimu akapanda stuli kama jemadari apandaye ngome, futi ya kupimia mkononi, msumari mdomoni. Akautema msumari, akahutubu.

"Mama zangu, chumba hiki kina njia tatu za kwendea: ya upana, ya urefu, na ya kwenda juu. Nipeni kona moja ya kuanzia, nami nitalitaja kila doa lililomo kwa namba tatu. Kisha ifungeni namba moja, ile ya upana, mkiziacha mbili zitembee zitakavyo. Madoa yote yatakayobaki ni bapa moja, uso mnyoofu kama ubao, na bapa hilo ndilo pazia lenu. Limepungukiwa njia moja tu, ndiyo maana linaweza kukata chumba pande mbili. Sharti hilohilo, sakafuni huwa mstari. Kwenye ukingo wa dari huwa nukta, na hapo ndipo pa msumari."

"Kona ya nani?" aliuliza Mama Mkubwa, akikunja gauni.

Ole wake shujaa. Alieleza, jasho likimtiririka, kwamba ukianzia ukutani kwa Mama pazia linaitwa mbili, ukianzia kabatini linaitwa moja na nusu, nalo pazia lenyewe halijasogea hata unywele. Maneno ya haki kabisa, na sanduku likazidi kujaa. Ndipo wazo kuu likamshukia: sifuri isikae kwa yeyote.

"Pazia lenyewe liwe sifuri," alitangaza. "Kila mmoja ahesabu kutoka pazia kwenda kwake. Upande wa Mama chanya, upande wa Mama Mkubwa hasi."

"Hasi ndiyo nini?"

"Ni chini ya sifuri, Mama Mkubwa."

"Yaani mimi niliyemlisha mama yako kwa kijiko, niwe chini ya sifuri?"

Stuli iliyumba. Akishikilia ukuta, alijitetea kwamba mhimili ukigeuzwa uso, hasi huwa chanya, bila pazia kuguswa. Aliyejibu ni Mama, akigeuka kutoka dirishani.

"Ugeuze huo mhimili wako, mwanangu, hasi nipe mimi. Hata hasi mia nitakaa, mradi dada asiende."

Mama Mkubwa aliketi kitandani, gauni mapajani, akalitazama kabati lake.

"Hivi hilo kabati," alisema taratibu, "nyuma yake kuna ukuta, eti?"

"Upo, dada. Kabati lako limeumeza nusu mita."

"Basi piga msumari, mwanangu. Maneno yametosha."

Nyundo ikalia, kidole gumba cha shujaa kikapata jeraha la vita, na pazia likashuka limenyooka. Malkia wakalitazama. Kisha Mama Mkubwa akachukua mto wake, akapenya chini ya pazia, akalala kitandani kwa mdogo wake, akisema hawezi kumwacha akae hasi peke yake.

Vizazi na vikumbuke: siku ile, kwa msumari mmoja, Mwalimu Mhimili alikigawa chumba pande mbili zilizo sawa, na hakuna aliyebaki upande wa chanya.