Barki na Barabara ya Srinagar

Ijumaa, 2 Oktoba 1970. Maskati.

Kesho kutwa tunapanda meli. Mimi, mke wangu Muhsina, shemeji yangu Sleyum, na mama yao, Bi Mahfoudha. Tunakwenda Srinagar, juu kabisa ya India, kumchukua Bi Masouda, mdogo wake mama mkwe. Mwaka wa sitini na nne ndugu hawa walitoka Unguja kwa meli mbili. Mmoja kaja huku. Mwengine kamfuata mumewe Mkashmiri. Hawajaonana tena. Sasa mume kafa, bibi kabaki peke yake, na tangu Julai, alipokuja Sultani mpya, mtu anaweza kutoka Maskati na akarudi. Khabari njema tupu!

Ila Barki.

Barki ni mbwa wa kuwindia, mwembamba kama ufito, kaachwa na marehemu baba mkwe. Ana mkeka wake na bakuli lake. Bi Mahfoudha ana nguo za kumshughulikia mbwa na nguo za sala, na hazikutani hata kambani. Mwanamke wa nidhamu ya ajabu! Lakini anataka kwenda naye. Mbwa! Baharini! India!

Nimeshalimaliza. Leo nimempeleka kwa rafiki yangu Aflah, Ansab, nje ya mji. Nyumbani nimesema hewa ya kule itamfaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi Thani ni mtu wa mipango.

Jumapili, 4 Oktoba. Ndani ya meli.

Barki yumo.

Bi Mahfoudha alikaa juu ya sanduku lake bandarini, akafungua mwavuli, akasema hapandi. Nikamkumbusha kuwa mdogo wake anamsubiri. "Kanisubiri miaka sita," akasema, "atasubiri na meli nyengine. Kamchukue mbwa." Wenye mashua wakapiga kelele. Sleyum akanitazama kwa furaha isiyofichika. Nikakodi gari mbio mpaka Ansab. Aflah alinikabidhi kamba ya mbwa kabla sijasalimu. Barki alikuwa kesha kula samaki wote wa karamu ya mwanawe.

Kurudi, mama mkwe yuko pale pale, jua la utosi, hajanywa hata maji. Sijapata kuona mtu kama yule! Ningekuwa na nusu ya ukaidi wake, leo ningekuwa waziri.

Jumanne, 13 Oktoba. Delhi.

Treni kutoka Bombay ilikuwa adhabu. Mbwa husafiri gari la mizigo, ndiyo sharia yao. Barki alilia kila maili. Kila stesheni Bi Mahfoudha alishuka, akatembea mpaka mwisho wa treni, akamsemesha kwenye tundu, akarudi. Stesheni za India hazina idadi. Watu wa behewa letu walianza kumfungulia mlango kwa heshima, kama malkia.

Leo katoa hukumu. Barki hapandi treni tena. Tutakwenda kwa gari, Delhi mpaka Srinagar, sote. Sleyum kakodi gari nyeusi yenye mgongo wa kobe. Ataendesha yeye. Nikasema vizuri, mimi nitakaa mbele nizungumze na watu njiani, kwani mimi ndiye ninayejua Kihindi. Nimejifunza katika sinema za Unguja, Jumapili hata Jumapili, miaka na miaka. Sleyum akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu.

Alhamisi, 15 Oktoba. Ambala.

Aliyekaa mbele ni Barki.

Nyuma anatapika. Mbele hatapiki, anatoa pua dirishani na kutazama mashamba ya miwa kama mwenye mali. Mimi nyuma, baina ya Muhsina na mlango, sanduku magotini. Ng'ombe barabarani, ngamia barabarani, harusi nzima barabarani na matarumbeta yake. Nchi kubwa! Watu wema! Yote hayo nimeyaona kupitia masikio ya mbwa.

Nikafanya hila. Nikajishika tumbo, nikaugua, nikasema mimi pia nikikaa nyuma nachafukwa. Bi Mahfoudha akanihurumia sana. Akasimamisha gari, akatoa chupa ya dawa anayompa Barki, akaninywesha vijiko viwili. Ina shubiri. Kutoka hapo mpaka Ambala sikuweza kufunga mdomo. Muhsina kaniuliza kama nimepata nafuu. Nadhani anajua. Mke wangu huyu haulizi kitu bure.

Jumamosi, 17 Oktoba. Karibu na Pathankot.

Mpango wa leo ulikuwa mzuri kuliko yote. Ulifaa kufaulu.

Tulisimama kula kwenye hoteli ya madereva. Palikuwa na Singasinga mmoja, dereva wa lori, mtu mkubwa, kilemba cha rangi ya chungwa. Alimpenda Barki. Alimpapasa mgongo, akamtazama meno, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nikaona mlango umefunguka. Nikamvuta pembeni nyuma ya lori. Nikataka kumwambia: mchukue, ni wako, nenda naye sasa hivi. Lakini sinema hazina maneno ya mbwa. Zina maneno ya mapenzi, kisasi na kifo. Nikakusanya niliyonayo.

Mtu yule macho yakamjaa machozi. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Akaita wenziwe, akawahadithia, nao wakanikumbatia. Dengu zikaja, chapati zikaja, maziwa ya mtindi yakaja, na mwenye hoteli akakataa malipo. Barki akapewa siagi.

Baadaye Sleyum akanifasiria, maana yeye amefanya kazi Bombay na Kihindi anakijua kweli. Nimemwambia yule bwana kuwa roho yangu ni yake, kuwa sisi ni ndugu waliopotezana utotoni, na kuwa nitakufa mlangoni kwake.

Lori lake limetufuata mpaka Pathankot kutulinda.

Jumanne, 20 Oktoba. Ramban.

Leo naandika polepole.

Asubuhi barabara ilianza kupanda. Upande huu mwamba, upande huu hakuna kitu. Kwenye kona ya tatu Sleyum akaegesha, akasema mikono haimtii. Nilikuwa na neno tamu la kumwambia. Nikaangalia chini bondeni, neno likapotea. Muhsina akashuka nyuma, akazunguka, akajifunga mtandio, akashika usukani. Baba yake alimfundisha kuendesha Unguja, njia ya shamba, tambarare kama sinia. Kapanda mlima ule kama aliyezaliwa huko! Malori yakija, anapiga honi, anasogea, anapita. Hakusema kitu ila "Bismillahi" na mara moja "Thani, acha kunishika bega." Miaka kumi na mbili nimemuoa. Leo nilimtazama kisogo chake njia nzima nikaona bahati yangu.

Kabla ya Ramban mawe yalikuwa yameporomoka, magari yote yakasimama. Wachungaji walikuwa wanateremka na kondoo zao kukimbia baridi. Wana majibwa makubwa. Nikafikiri: hapa! Nikasema nampeleka Barki akojoe. Nikapanda naye kuwaendea.

Ukungu ukashuka. Sikuona wachungaji, sikuona barabara, sikuona miguu yangu. Nikaita. Barki akanitazama, akaichomoa kamba mkononi mwangu, akaenda zake. Nikakaa juu ya jiwe. Upande mmoja nasikia maji chini kabisa. Nilijua nikikosea hatua, basi. Nikasoma nilichojaaliwa. Nikamfikiria Muhsina kuwa mjane katika gari ya kukodi.

Kisha nikasikia mwavuli unagonga mawe. Alikuwa Bi Mahfoudha, koti la marehemu mumewe juu ya buibui, kamba ya Barki kiunoni, mbwa mbele akimvuta. Magoti yake mabovu, ngazi ya nyumbani humshinda. Sleyum alitaka kuja, mama yake akamwambia akae na gari, kwani mbwa hamfuati mtu mwengine.

Nikaanza kusema kuwa mbwa alinikimbia.

"Usijichoshe, mwanangu," akasema. "Ulitaka kumwacha. Ansab ulitaka, na kwa Singasinga ulitaka. Mimi nnazeeka, sijapofuka."

Nikamuuliza mbona basi kapanda kunitafuta.

"Nchi nimepoteza. Nyumba nimepoteza. Mume nimemzika. Mkwe sipotezi, hata akiwa mpumbavu. Shika kamba."

Nikashika. Tukateremka. Sina maneno juu ya mwanamke yule. Nimeapa kuwa Barki ni ndugu yangu kuanzia leo.

Alhamisi, 22 Oktoba. Srinagar.

Tumefika! Maji, milima, miti ya rangi ya moto. Nyumba ya Bi Masouda iko ukingoni mwa mto, ya mbao, imeinama kidogo kama inasikiliza.

Alifungua mwenyewe. Nilitegemea vilio. Akamtazama dada yake, akamtazama Barki, akapiga yowe, akaufunga mlango.

"Masouda, fungua!"

"Mtoe hilo jibwa!"

"Haling'ati."

"Nnaliogopa hata lisipong'ata! Miaka sita hukuja, leo unakuja na jibwa!"

Muhsina alikuwa kashika mdomo. Bi Mahfoudha akaegemeza paji la uso kwenye mlango, akasema taratibu, "Nilikuwa nimefungiwa, mdogo wangu. Unajua. Ningepata tundu la kutokea, ningetoka."

Mlango ukafunguka. Sitoandika yaliyofuata. Sleyum alilia kuliko mimi, hilo naliandika.

Jumamosi, 24 Oktoba. Srinagar.

Hatari. Pengine ni kosa langu. Pengine.

Jana Bi Masouda alisema kwenda nasi Maskati anakwenda, lakini si katika gari moja na mbwa. Mimi nimeapa, ni kweli. Lakini si mimi niliyeanza! Hii ilikuwa rehema imejileta. Nikamwendea jikoni, nikamuunga mkono. Nikamwambia Barki hutapika. Nikamwambia hubweka usingizini. Nikaongeza, kwa kunogesha, kuwa kuna mtu wa Yiti, kijiji cha karibu na Maskati, Barki alimng'ata mpaka leo anachechemea.

Leo asubuhi Bi Masouda kafungua sanduku lake na kurudisha nguo kabatini. Hendi popote. Atafia hapa.

Bi Mahfoudha hakugomba. Alinywa chai. Akamwambia mdogo wake twende tukamzuru mumeo. Nikabebeshwa mkeka. Barki akafungwa nje ya lango la makaburi. Wazee wakasoma, wakakaa. Nikasikia yote.

"Wewe humwogopi mbwa," akasema Bi Mahfoudha. "Unaogopa kumwacha huyu peke yake."

Bi Masouda akang'oa nyasi moja moja kaburini. "Nani atamjia? Huku hana mtoto. Mimi ndiye niliyemfuata, dada. Niliwaacha nyinyi nyote nikamfuata. Sasa nimwache naye?"

"Wangu kazikwa Ansab, na mimi niko hapa. Wafu hawahitaji mlinzi, Masouda. Wanahitaji dua, na dua haikati tikiti. Wewe ndiye unayehitaji mtu."

Mimi nikatazama mkeka. Kisha Bi Masouda akajipangusa, akauliza kama ni kweli mbwa yule alimla mguu mtu wa Yiti.

Dada yake hakugeuka hata kunitazama. "Thani ana moyo mzuri," akasema. "Ulimi wake ndio haujazaliwa sawasawa."

Kakubali! Tunaondoka Jumatatu. Ila kaweka sharti. Yeye atakaa mbele, mbwa nyuma. Nikamuuliza Muhsina nyuma wapi, kwani hakuna nafasi. Akasema ipo, juu ya mapaja yangu.

Alhamisi, 29 Oktoba. Delhi.

Barki ametapika Banihal. Ametapika Jammu. Ludhiana ametapika mara mbili. Bi Masouda mbele anaimba. Kisogo chake na kisogo cha mke wangu vinatikisika kwa kicheko. Karibu na Ambala mkono wa Bi Masouda ulipita nyuma ya kiti, ukatafuta, ukakuta kichwa cha Barki, ukakaa hapo. Nilifikiri nitalia. Kisha akatapika tena.

Jumapili, 15 Novemba. Maskati. Ramadhani.

Mungu katufikisha salama. Jirani zetu wote wamekuja kuwaona ndugu wawili wamekaa pamoja. Kutwa wanazungumza, chumba kimoja, wanamaliziana sentensi. Nyumba imekuwa na sauti ambayo sikujua kuwa inakosekana. Bi Mahfoudha anatembea kama msichana. Nasema kweli, safari ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizoshiriki, na wanawake hawa watatu ni wakubwa kuliko mlima wowote niliopanda.

Ila samawari.

Bi Masouda kaja nalo kutoka Srinagar. Birika la shaba, kubwa, limechukua kona yangu ya kukaa. Kila futari linachemka. Chai yenyewe ni ya chumvi, rangi ya waridi! Wageni wanaisifu kwa adabu, wanaomba nyengine, na mimi nalazimika kunywa kikombe cha tatu nikitabasamu. Sleyum anasema anaipenda. Mnafiki!

Nimeshafikiri. Kesho baada ya dhuhuri, wazee wakilala, nitalifunga kwenye shuka na kulipeleka Yiti kwa binamu wa Aflah. Nitasema limekwenda kusuguliwa. Hakuna atakayeuliza kitu. Samawari halilii, halitapiki, halijui njia ya kurudi.

Safari hii siwezi kushindwa.